Kibodi ya kununua ni ile inayoweza kubonyeza F1

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi baada ya dakika kumi. Siku hiyo steshenari yangu ilikuwa imejaa mpaka barazani: wanafunzi wa kujaza fomu za mkopo, baba mmoja na barua yake ya uhamisho, dada wa jirani aliyetaka kopi tatu za cheti cha kuzaliwa. Nikawasha mashine. Skrini ikaja nyeusi na maandishi meupe: saa ya kompyuta haijapangwa, bonyeza F1 kuendelea.

Nikabonyeza F1. Kimya. Nikabonyeza tena, nikabonyeza kwa nguvu, nikabonyeza Enter, nikabonyeza kila kilichobonyezeka. Kibodi yangu mpya ya Bluetooth, nyeupe na nyembamba, niliyoinunua kwa laki moja kasoro kidogo ili meza ipendeze, ilikuwa inamulika kitaa chake cha buluu na kunitazama. Yule baba akauliza taratibu, "Mwanangu, imekufa?" Haikufa. Ila kompyuta ilikuwa bado haijajua kwamba kuna kibodi.

Nikaingia stoo, nikachakura, nikapata kibodi ya kale ya Dell ya waya wa USB, imo ndani ya mfuko wa rambo wa kabla ya marufuku ya 2019. Nikaichomeka, F1 mara moja, Windows ikaja. Foleni yote niliimaliza nikiwa na kibodi mbili mezani, ya kuonekana na ya kazi.

Kwa hiyo mwongozo huu hautakuambia habari za rangi, wala taa, wala vitufe vinavyolia. Hayo nenda dukani ukayaone kwa macho yako. Mimi ninauliza jambo moja tu: kompyuta ikiwa bado haijaamka vizuri, kibodi yako inasikika?

Wenye laptop mpya wataona nakuza mambo. Lakini kompyuta nyingi za mezani tunazofanyia kazi mjini ni za mtumba, Dell OptiPlex na HP Compaq zilizomaliza ujana wao kwenye ofisi za watu huko nje ndipo zikapakiwa kontena. Kwenye maza bodi ya kila moja kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, inayotunza saa na mipangilio pale mashine inapokosa umeme. Kwenye mashine ya mtumba betri hiyo mara nyingi ilishakata roho zamani. Umeme ukiwepo hutajua. Ukikatika, mashine inaamka imesahau hata mwaka tulio nao, na kabla ya kukuletea Windows inakutaka uithibitishie kwa F1. Anayeongea na wewe hapo si Windows. Ni BIOS, programu ndogo inayokaa kwenye bodi yenyewe, na lugha anazozijua ni chache.

Tena si F1 peke yake. Fundi akija kupiga Windows anataka F12 kwenye Dell au F9 kwenye HP ili achague flashi. BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski, ikikugomea inadai tarakimu 48 kabla ya kukufungulia chochote. Zote hizo zinaandikwa kabla Windows haijafunguka, na hapo ndipo aina ya muunganisho inapokuokoa au kukuaibisha mbele ya wateja.

Ya kwanza: USB ya waya

USB ilitoka mwaka 1996, ikaja kushika kasi baada ya Apple kutoa iMac ya 1998 ambayo haikuwa kabisa na matundu ya zamani. Waliotunga kanuni zake waliweka kitu cha busara sana: hali rahisi ya kibodi ambayo hata BIOS inaielewa bila draiva yoyote, yaani programu ya kuifundisha kompyuta kutumia kifaa. Katika hali hiyo BIOS inasoma vitufe sita kwa pamoja, ukiacha Shift, Ctrl na wenzake. Sijui nani anabonyeza sita ili kupita F1.

Ina mitego miwili. Baadhi ya mashine zina mpangilio wa kuwaka haraka, Fast Boot, unaoruka kuzikagua USB mpaka Windows ianze, kwa hiyo uzime. Na kwenye kompyuta za ofisini unaweza kukuta matundu ya mbele yamefungwa ndani ya BIOS na mwenye mali wa zamani. Chomeka nyuma.

Kibodi yenyewe ni Logitech K120. Naipendelea, sifichi, na hakuna anayenilipa. Ninazo nne. Ina mashimo ya kutolea maji chini, na chai ya rangi imeshapita humo mara mbili, nikaigeuza, nikaifuta, ikaendelea. Haina vitufe vya mbwembwe. Haina betri. Ukiichomeka inafanya kazi, ukiichomoa haifanyi, basi. Dell KB216 nayo ni kibodi ya heshima na ukiipata mtumba safi usiiache, ila angalia kwanza alama ya @ iko wapi. Zilizotoka Uingereza zina @ karibu na Enter, na juu ya 2 wameweka alama za kunukuu. Kwa mtu anayefungulia watu barua pepe kutwa nzima, hayo ni mateso.

Sasa hapa ndipo roho inaponiuma. K120 ya tatu niliinunua duka moja Kariakoo, boksi zuri, jina limeandikwa sawasawa. Nimefika nyumbani nafungua: waya mwembamba kama uzi wa kushonea, vitufe vinayumba kama meno ya mtoto wa miaka sita. Nikairudisha kesho yake. Yule kijana hata hakuishika. Alinyoosha kidole tu kwenye ukuta palipobandikwa karatasi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. "Dada, ungeijaribu hapahapa." Na jana yake nilipotaka kuijaribu aliniambia nikifungua boksi nimeshanunua!

Bei nazo ni bahati nasibu. Mtaa mmoja, mchana mmoja, kibodi ileile niliambiwa 25,000, nikaambiwa 32,000, na mwingine akanitazama viatu kwanza ndipo akasema 45,000. Ukishakubaliana ndiyo unaulizwa, "Ya risiti au bila risiti?" kana kwamba risiti ni kachumbari, ya kuongezewa ukipenda.

Dawa niliyoipata ni hii: nunua kwa mtu mwenye kompyuta ya mezani kaunta. Mwambie aizime, achomeke kibodi yako, aiwashe, nawe ubonyeze F2 kama ni Dell au F10 kama ni HP. Ukiingia kwenye BIOS, lipa. Akikataa kuizima, aga kwa adabu uende zako.

Ya pili: PS/2, ile ya zambarau

Wapo watakaocheka. IBM waliileta mwaka 1987 pamoja na kompyuta zao za Personal System/2, ncha ya duara yenye pini sita, na baadaye watengenezaji wakakubaliana rangi: zambarau ya kibodi, kijani ya kipanya. Kwa kipimo changu cha F1 hii ndiyo bingwa wa kweli. Ina njia yake mahsusi kwenye bodi, haisubiri kuulizwa wewe nani. Mashine ikipata umeme tu, kibodi imo. Hata fundi anayepiga Windows 7 kwenye mashine za Intel za kuanzia kizazi cha sita, cha mwaka 2015, anaikumbuka kwa machozi, kwa sababu diski ya Windows 7 haina draiva za USB 3 na kibodi ya USB inazima katikati ya kazi. Ya zambarau inaendelea kuandika.

Nimeiweka ya pili kwa sababu za kibinadamu. Haitakiwi kuchomekwa wala kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Ukiichomoa kwa bahati mbaya mara nyingi inabidi uzime na kuwasha upya, na ukizoea mchezo huo unaweza kuua tundu lenyewe. Pini zake zinapinda ukiisukuma gizani chini ya meza. Na mpya zake dukani ni za kutafuta kwa tochi. Kama mashine yako ina tundu la zambarau na una kibodi nzima ya aina hiyo, usimpe mtu. Iweke stoo kama mtungi mdogo wa gesi.

Hapo sasa anatokea muuzaji na kile ki-adapta. Tundu lako ni la zambarau, kibodi mpya ni ya USB, naye anakuambia, "Hakuna shida mama, weka hii, elfu tatu." Nilinunua vitatu kwa pamoja, kwa ajili ya mashine za zamani za darasa la kompyuta la shule ya jirani. Havikufanya kazi hata kimoja, na mwalimu akadhani nimemuuzia kibodi mbovu.

Kile kidude hakina akili yoyote ndani. Ni nyaya tu zimeunganishwa kutoka pini hii kwenda pini ile. Kibodi yenyewe ndiyo inayotakiwa iwe inajua lugha mbili, ya USB na ya PS/2, igundue imechomekwa wapi na kubadilika. Zamani kibodi za aina hiyo zilikuwa nyingi na adapta yake ilikuja ndani ya boksi lake. Kama boksi la kibodi halikuja na adapta, chukulia kwamba kibodi haijui lugha ya pili, na elfu tatu yako nunua mihogo. Ukiwa na shida ya upande mwingine, yaani kibodi ya zambarau na kompyuta yenye USB tu, kuna kigeuzi chenye chipu ndani, mara nyingi kina mkia wa USB na matundu mawili, zambarau na kijani. Hicho kinafanya kazi. Vidude hivi viwili havifanani kazi hata kidogo, lakini dukani vyote vinaitwa adapta.

Ya tatu: bila waya, yenye risiva yake

Watu wengi hawajui kwamba hii inapita mtihani wa F1. Redio yote imo ndani ya kile kirisiva unachochomeka, na kirisiva kinajitambulisha kwa kompyuta kama kibodi ya kawaida ya USB. BIOS inadanganyika, na sisi tunafurahi.

Tatizo lake ni kirisiva kupotea. Ni kidogo kama punje ya hindi, na kikienda na fagio umebaki na ubao. Nunua inayokubali risiva nyingine. Logitech K270 inatumia Unifying, ile yenye alama ya rangi ya chungwa, mfumo wa tangu 2009 ambao risiva moja inabeba vifaa hadi sita. Mwaka 2021 wakaleta Logi Bolt, na hizo mbili hazisikilizani hata kidogo, kwa hiyo usikubali kuuziwa moja kwa niaba ya nyingine. Pia usichomeke risiva kwenye tundu la buluu la USB 3 lenye flashi au diski pembeni. Kelele za USB 3 zinaingilia mawimbi ya 2.4 GHz ambayo risiva inayatumia, na herufi zinaanza kuruka. Tumia tundu jeusi.

Ya mwisho: Bluetooth

Nzuri kwa tableti. Nzuri kwa simu. Kwa kompyuta ya mezani ya mtumba, hapana. Ili Bluetooth isikike, lazima draiva ya redio iwe imeshapakiwa na kompyuta ikumbuke kwamba iliwahi kuoanishwa na kibodi hiyo, na kumbukumbu hiyo kwa kawaida imo ndani ya Windows, ambayo bado imelala. Kompyuta za Apple zimejitahidi, zinazitambua kibodi zao tangu mwanzo wa kuwaka. Ukiwa na fedha na moyo hautulii, chukua aina kama MX Keys ya Logitech inayokubali risiva na Bluetooth vyote viwili, halafu risiva iache imechomekwa siku zote. Yangu ile nyeupe sasa inaandikia kwenye tableti ya mwanangu.

Za elfu nane na elfu kumi za kupanga chini barabarani? Ni za USB, F1 zinabonyeza, miezi michache herufi A na E zimefutika. Ukijua kuandika bila kutazama, sawa.

Mume wangu alinisikiliza haya yote jioni moja, akauliza swali la maana: kwa nini usibadilishe betri tu? Kweli. Nikaenda kununua CR2032 mbili. Ya kwanza ikaingia vizuri, mashine ile haijauliza F1 tena. Ya pili nilipoitoa kwenye kikaratasi nikaona imeandikwa CR2025. Nikarudi. "Dada, ni ileile, tofauti ni namba tu." Hiyo namba ndiyo unene wake, 32 ni milimita 3.2 na 25 ni milimita 2.5, ukiiweka inachezacheza kitandani mwake kama mtoto kwenye viatu vya baba. Akanionyesha karatasi ukutani. Mashine ya pili mpaka leo inauliza F1 kila umeme ukirudi, na K120 inaijibu.