Mita ya dola 6 iliyoniepusha na betri ya tatu

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi si mchezo. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, usiku mbingu haina hata wingu, na kuna alfajiri joto linashuka chini ya nyuzi 10. Wageni kutoka Kinshasa hutucheka wakituona na makoti, kesho yake wanauliza yanauzwa wapi. Corolla yangu ya mwaka 1997, usukani kulia, injini 5A-FE ya petroli, nayo ilikuwa na kesi yake na baridi. Saa kumi na moja alfajiri nazungusha ufunguo: tak. Taa za dashibodi zinafifia, basi. Saa sita mchana gari lile lile linawaka mara moja, kama vile asubuhi lilikuwa linanitania.

Mimi nauza samaki wa barafu. Nikichelewa depo naachiwa wale waliopondeka, kwa hiyo hiyo "tak" ilikuwa inanila pesa kila siku.

Fundi wa kwanza alitazama kidogo tu. "Mama, batri imekufa." Nikatoa dola 75. Wiki tatu baadaye, tak. Wa pili akasema ile niliyonunua ni feki, nikanunua nyingine ya bei zaidi, nayo ikamaliza mwezi mmoja. Wa tatu alipofungua tu mdomo na kusema "batri", nilifunga kapo (boneti) mwenyewe nikamshukuru kwa kuja.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa dada yangu, anayesomea umeme. "Mama mdogo, kabla ya kununua kitu kingine, nunua mita." Basi nikapata ile ya manjano iliyoandikwa DT-830, ambayo inauzwa barabarani pamoja na chaja na vifuniko vya simu. Muuzaji alianza na dola 10, tukamalizana kwa 6.

Kuitumia nilijifunza kwa jioni moja. Kitufe unakiweka kwenye 20, upande wa volti za moja kwa moja, ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Betri iliyojaa na kutulia inasoma 12.6 hivi, ikisoma 12.0 karibu imekwisha. Yangu asubuhi ilisoma 12.4. Mtoto akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo, namba ikashuka mpaka 10.7 na demareri (ninyi wa Dar mnaita stata) haikugeuka. Akaniambia ingeshuka chini ya 9.6 hapo ndipo tungeishuku betri. Kumbe betri ilikuwa nzima. Nikakumbuka ile ya kwanza niliyomuuzia mtu wa vyuma chakavu kwa bei ya kutupa, roho ikaniuma.

Kisha akanionyesha kipimo ambacho hakuna fundi hata mmoja kati ya wale watatu aliyewahi kukifanya. Ncha moja unaigandamiza juu ya kichwa chenyewe cha risasi cha hasi ya betri, usiguse kile kibano kilichokishika. Ncha ya pili unaigusisha kwenye chuma cha injini, mahali pasipo rangi wala mafuta. Gia iko huru, breki ya mkono imevutwa. Mtu anazungusha ufunguo, wewe unasoma. Nilikuwa nimeshika tochi ya simu kwa meno, pumzi yangu inatoka moshi, kioo kikaandika 1.86.

"Inasoma ngapi, mama mdogo?" Nikamwambia. Akashuka kwenye gari. Ilipaswa kuwa 0.2 tu, au pungufu. Karibu volti mbili zilikuwa zinapotelea kwenye waya wa kurudisha umeme, ule wa masi, kabla demareri haijapata chake.

Waya wenyewe kwa nje ulikuwa mzuri, mweusi, hauna hata jeraha. Tulipoufungua kwenye giaboksi na kuchana ngozi yake, ndani ukamwagika unga wa kijani, rangi ile ile ya malakiti, jiwe la shaba wanalochonga watu wetu. Shaba imerudi kuwa jiwe! Katika mji huu ambao shaba ndiyo iliyoujenga, shaba ya sentimita arobaini ilinilaza njaa.

Hapo na siri ya mchana ikafunguka. Baridi inafanya mafuta ya injini kuwa mazito, na mimi nilikuwa naweka oili nzito ya 20W-50 kwa sababu ndiyo iliyo kila duka. Injini ikiwa nzito demareri inavuta ampea nyingi zaidi, na ampea zikizidi, waya mbovu nao unameza volti zaidi. Betri yenyewe ikipoa inapungua nguvu. Mchana kila kitu kinalegea kidogo, gari linawaka.

Tukakata kipande cha kebo nene ya mashine ya kuchomelea, tukabana vichwa vipya, tukapiga msasa pale inapokaa. Dola 5. Kipimo kile kile: 0.14. Halafu injini ikiwa inawaka, betri ikasoma 14.2 wakati zamani ilikuwa 13.2. Yaani waya ule ule ulikuwa pia unazuia alteneta kuijaza betri. Betri zangu mbili zilikuwa zinakufa njaa, na feki haikuwepo.

Bado kulikuwa na tatizo dogo la Jumatatu, gari likilala Jumapili. Hapo unahamishia waya mwekundu kwenye tundu la 10A, unapitisha mita katikati ya hasi ya betri na kibano chake, gari limezimwa na milango imefungwa. Ilisoma ampea 0.37, umeme unaovuja gari likiwa limelala. Nilichomoa fyuzi zote, namba haikutikisika. Nikaja kuona kawaya kembamba kekundu ambako aliyenifungia redio alikachomeka moja kwa moja kwenye chanya. Nilipokatoa: 0.02.

Sasa lawama zangu kwa mita. Tundu la 10A halina fyuzi, limeandikwa hivyo hivyo kwenye mwili wake, kwa hiyo ukisahau ukazungusha ufunguo ikiwa imepita hapo, demareri inavuta zaidi ya ampea mia na nyaya zake zinayeyuka mkononi mwako. Kioo hakina taa. Na betri yake ndogo ya volti 9 ikichoka, mita inadanganya kwa kuzidisha: asubuhi moja ilinisomea 13.9 gari likiwa limezimwa, nikafurahi kwanza, ndipo nikaona alama ya betri kwenye kona.

Nyota nne. Waya mweusi wa mita umeshakatika karibu na ncha, nimeufunga gundi ya umeme, na jirani mwenye Hiace ameniomba nimpelekee mita kesho saa kumi na moja. Nimemwambia aje na tochi yake.