Uzoefu wangu: kumtafutia binti wa miaka 14 studio mpya ya baleti Nairobi

Binti yetu ana miaka 14. Amepita mtihani wa Intermediate Foundation wa Royal Academy of Dance (RAD), taasisi ya Uingereza inayotahini baleti, na anajiandaa kwa ngazi inayofuata, Intermediate. Studio aliyoanzia utotoni ililea vizuri watoto wadogo, ila kwa ngazi yake ya sasa ilikuwa na darasa moja tu kwa wiki, na viatu vya pointi (vyenye ncha ngumu ya kusimamia juu ya vidole) vilitengewa dakika za mwisho watoto wakiwa wamechoka. Tulitazama studio kadhaa za Nairobi, tukahamia moja, na sasa muhula mzima umekwisha. Majina siyataji. Walimu wa baleti hapa mjini huhama mara kwa mara, na mzazi analipia mwalimu na sakafu, basi maelezo haya yatakufaa hata bango la mlangoni likibadilika.

Kwanza, onyesho la Desemba lisikuvute. Ngoma ya dakika tatu inaweza kukaririshwa muhula mzima mpaka hata aliye dhaifu akaimudu, kisha taa na mavazi yakafunika mengine. Omba kutazama darasa la kawaida la katikati ya wiki, tena la ngazi moja juu ya ile ya mtoto wako, maana wale ndio wanaoonyesha mwanao atakuwaje akikaa pale miaka miwili. Studio moja ilitukatalia kabisa, ikasema wazazi wanavuruga darasa. Kwa watoto wa miaka minne naielewa sababu hiyo. Kwa mzazi anayetaka kulipa ada ya muhula na kumwachia mtu mwili wa binti yake unaokua, kukaa kimya kwenye kona darasa moja ni haki yake. Hiyo tuliiacha palepale.

Baada ya salamu, macho yangu huenda sakafuni. Darasa la ngazi hii lina miruko mia na zaidi kwa urahisi, na kila mtoto anapotua, mguu hupokea nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa. Sakafu isiponesa, mzigo wote unabebwa na muundi na mifupa ya unyayo. Huanza kama maumivu ya mbele ya muundi yanayopoa akipumzika. Yakipuuzwa yanaweza kuishia kwenye ufa wa mfupa, na hapo ni wiki nyingi bila kucheza. Sakafu inayofaa ina tabaka: chini vipande vya mpira au sponji ngumu, juu yake mbao nyembamba au plaiwudi mbili zilizopishanishwa, kisha vinaili, yaani zulia la plastiki. Vinaili kazi yake ni kuzuia kuteleza tu. Ikitandikwa moja kwa moja juu ya saruji haipunguzi kishindo hata kidogo, hata kama mwenye studio anaiita sakafu ya kitaalamu.

Mtego mkubwa zaidi Nairobi ni pakei. Kumbi nyingi za shule na makanisa zinazokodishwa jioni zina vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi juu ya zege. Ukiitazama unaona mbao, ukiiruka unaruka zege. Jaribu hivi: vua viatu, inuka kwa vidole, kisha achia visigino vyote viwili kwa pamoja. Kwenye zege mshtuko unapanda mpaka kwenye meno na sauti ni kavu. Kwenye sakafu inayonesa unasikia mvumo wa uwazi chini, na mtu aliyesimama karibu nawe anahisi sakafu ikitikisika. Angalia pia kizingiti: sakafu yenye tabaka huwa imeinuka sentimita kadhaa kuliko korido. Uliza wanapigia deki kwa nini. Polishi na sabuni yenye mafuta hufanya vinaili iteleze, na unga wa resini wanaopaka viatuni huganda madoa madoa, hapa pananata, pale panateleza. Studio tuliyoichagua ina tabaka kamili na inapigwa deki kwa maji na dawa kidogo isiyo na mafuta. Hilo peke yake lilinishawishi kuliko vikombe vyote nilivyoviona kwenye kabati za wengine.

Kuhusu mwalimu, kaa na usikilize majina. Nani anasahihishwa? Katika studio mojawapo, wanne wa mstari wa mbele waliitwa tena na tena, na walio nyuma hawakutajwa hata mara moja katika dakika tisini. Mtoto mgeni huwekwa nyuma, kwa hiyo ndivyo ambavyo mwanao atakavyoishi mwaka wa kwanza. Kisha sikiliza aina ya marekebisho. Mwalimu dhaifu hutaja umbo: nyoosha, juu, fungua zaidi. Mwalimu anayejua hutaja chanzo.

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa karibu. Msichana alikuwa kwenye upau, ule mti wa kushikilia wakati wa mazoezi, katika mkao wa tano: nyayo zimebanana mmoja mbele ya mwingine, zimefunguka karibu mstari mmoja. Kwa mbali alipendeza. Ila pia za magoti yake zilitazama mbele huku vidole vikitazama pembeni, na upinde wa ndani wa unyayo ulikuwa umelala chini. Maana yake alikuwa anaibana miguu sakafuni ili ifunguke, na goti ndilo lililokuwa linasokotwa. Mwalimu alimwomba ruhusa ya kumgusa, akaweka mkono kwenye nyonga, akamwambia afunge nyayo mpaka pia ya goti ikae juu ya kidole cha pili, kisha azungushe paja kutoka kwenye nyonga bila kuhamisha unyayo. Msichana alipoteza pembe kubwa sana ya kujionyesha, na tendu yake (kutelezesha mguu sakafuni hadi unyooke) ikanyooka mara moja. Mwalimu anayekubali darasa lake lionekane dogo ili magoti yapone ndiye nimtakaye.

Tazama pia saa. Kwa darasa la dakika tisini, upau uchukue kama dakika thelathini na tano hadi arobaini na tano, halafu katikati ya chumba: adajio (miondoko ya polepole), piruweti (mizunguko ya mguu mmoja), miruko midogo, miruko mikubwa, salamu ya mwisho. Mahali pamoja upau ulikula saa nzima na miruko ikabanwa mwishoni. Asiyeruka mara kwa mara hatui vizuri, na siku ya mazoezi ya onyesho, akirushwa ghafla, ndipo kifundo kinapoteguka.

Umri huu una jambo lake. Mifupa hurefuka kabla misuli na kano hazijaifuata, kwa hiyo mtoto aliyekuwa akizunguka piruweti mbili safi anaweza kuzipoteza kwa miezi, misuli ya nyuma ya paja ikakaza, na maumivu yakaanza chini ya goti au kwenye kisigino pale kano inaposhika mfupa. Nilimuuliza kila mwalimu: mwanafunzi akirefuka ghafla unabadilisha nini? Jibu zuri lilikuwa kupunguza miruko na urefu wa mguu hewani kwa muda, na kuongeza mazoezi ya nguvu ya nyonga na tumbo. Jibu baya lilikuwa anyooshwe zaidi. Na ukiona mwalimu anamkalia mtoto mgongoni kwenye msamba, au anaweka mguu wa mbele juu ya kiti ili msamba upite nyuzi 180, mchukue mwanao muondoke. Vivyo hivyo kwa mizani. Studio inayopima uzito wa wasichana, au inayotaja matumbo yao mbele ya wenzao, haina ninachoweza kuisamehe. Msichana anayecheza sana na kula kidogo anaweza kukosa hedhi. Ikipita miezi mitatu, mpeleke kwa daktari, kwa sababu mifupa nayo inadhoofika kimyakimya.

Viatu vya pointi ndivyo vilivyotuhamisha, kwa hiyo hapo nilichimba. Umri wa miaka 11 au 12 ndio hutajwa sana wa kuanzia, lakini kalenda haitoshi. Mwalimu wetu mpya alimpima upya hata baada ya cheti. Alilaza penseli juu ya shingo ya unyayo ulionyooshwa kuona kama inapita mwisho wa muundi bila kuzuiwa. Akamsimamisha kwa mguu mmoja, kiwiliwili kimeinama mbele na mguu mwingine umenyooka nyuma, akunje goti mara tano huku mikono ikigusa sakafu. Angalau nne ziwe safi, nyonga zisipinde na goti lisiingie ndani. Kisha miruko kumi na sita ya mguu mmoja, angalau nane ziwe na goti na vidole vilivyonyooka hewani na kutua kimya. Binti yetu alishindwa hili la mwisho upande wa kushoto. Alirudishwa wiki sita kwenye mazoezi ya upau bila kucheza katikati ya chumba kwa viatu vya pointi, na nilishukuru.

Vipindi vitatu vya pointi kwa wiki, dakika ishirini hadi thelathini kila mara mwili ukiwa umepata moto, vinajenga kuliko saa moja ya Jumamosi. Ununuzi wa viatu ni kazi ngumu hapa kwetu. Jozi moja huko nje ni dola 80 hadi 120 na zaidi, kabla ya usafiri na ushuru, na kuagiza kwa kukisia saizi ya kiatu cha shule ni kupoteza pesa. Kiatu kikiwa kipana, mguu unazama ndani na uzito wote unakaa kwenye kucha ya kidole gumba. Mwalimu mzuri humpima mtoto akiwa amesimama na tena akiwa juu ya vidole, anaandika urefu, upana na umbo la vidole, anataja kampuni na modeli. Viatu vya pointi vya kawaida vimeshikwa kwa tabaka za kitambaa na gundi, jasho huvilainisha. Vianikwe kivulini siku nzima, sponji za vidole zitolewe, na ukiweza uwe na jozi mbili za kupokezana. Wa Mombasa na Dar es Salaam wahesabu muda zaidi, unyevu wa pwani haukaushi upesi.

Uliza kuhusu rangi mapema. Kanuni ya soksi na viatu vya waridi ilitungwa kwa ngozi ya Wazungu; lengo lake ni mstari wa mguu usikatike, na kwa mtoto mweusi waridi ndiyo inayoukata. Kundi la baleti la Dance Theatre of Harlem la New York lilianza kuvaa rangi ya ngozi tangu miaka ya 1970, na mwaka 2018 kampuni ya viatu ya Freed of London ilitoa viatu vya pointi vya kahawia ikishirikiana na Ballet Black, kundi la baleti la Uingereza. Studio yetu inaruhusu kahawia darasani na jukwaani. Nywele za kusuka zinakubaliwa, mradi zifungwe fundo dogo lililolala ili kichwa kisilemewe kwenye mzunguko.

Mfumo nao utakusumbua mkihama. Mtoto wa RAD akiingia kwa mwalimu wa Vaganova, mfumo wa Kirusi, atasikia mkao wa tatu wa mikono na kupeleka mikono pasipofaa, kwa sababu pale wa tatu ndio huo alioujua kama wa tano, juu ya kichwa. Arabeski (kusimama mguu mmoja, mwingine umenyooshwa nyuma) pia zina hesabu tofauti: RAD ina tatu, Vaganova nne. Hiyo ni wiki chache tu za kuchanganyikiwa. La uzito ni mitihani: RAD inataka Intermediate ipitwe kabla ya Advanced 1, na Advanced 1 kabla ya Advanced 2, na umri wa chini ni miaka 12, 14 na 15 kwa mpangilio huo. Mwalimu awe amesajiliwa na RAD ndipo aweze kumwandikisha mtoto. Usajili unaweza kuukagua kwenye tovuti yao. Kwa anayelenga Prix de Lausanne, mashindano ya vijana wa baleti huko Uswisi, dirisha ni miaka 15 hadi 18, kwa hiyo mwaka mmoja wa kusitasita si mdogo.

Studio yetu ina kasoro. Hakuna mpiga piano, muziki ni wa spika, na mwalimu hawezi kupunguza kasi pale darasa linapohitaji. Upau wa kubebeka wa katikati unayumba mtoto akiuegemea. Darasa la saa kumi na moja jioni linagongana na foleni ya Ngong Road, na anayechelewa pliye (zoezi la mwanzo la kukunja magoti) haruhusiwi kuruka siku hiyo. Sheria hiyo naiunga mkono, ila pima umbali kutoka shuleni kwa saa ya foleni, usipime Jumapili asubuhi.

Ada waliyotutajia kwa simu haikuwa na mtihani, mavazi ya onyesho wala saa za mazoezi ya ziada ya Novemba. Omba orodha ya mwaka mzima kwa maandishi, pamoja na cheti cha tabia njema cha kila mwalimu, na masharti ya kuondoka. Yetu inataka notisi ya nusu muhula, la sivyo unalipa muhula unaofuata. Darasa la majaribio linalipiwa, na kiasi hicho hukatwa kwenye ada ukijiandikisha, ukiwa na risiti.