Mtwara hadi Mumbai: angani raha, kazi ipo Dar

Kwa watu wa Mtwara na Lindi wanaorudi India baada ya miaka mingi, kipande cha Dar es Salaam hadi Mumbai kwa Boeing 787 ndicho chepesi. Shinikizo la hewa ndani ya ndege huwekwa kama la mlima wa mita 1,800 hivi, wakati ndege nyingi za zamani hufika 2,400. Ndiyo maana kichwa hakiumi sana. Viti vya daraja la kawaida vimepangwa 3-3-3. Mzee mwenye magoti mabovu apewe cha ujiani. Dirisha halina pazia, hutiwa giza kwa kitufe.

Taabu ni kuunganisha. Tiketi mbili mbalimbali ni hatari kweli: ndege ya Mtwara ikichelewa, ya pili haikusubiri wala haikulipi. Kata tiketi moja, kisha pale kaunta Mtwara soma lebo ya begi. Iandikwe BOM, kifupi cha uwanja wa Mumbai. Ikiandikwa DAR, begi linaishia Dar: utalichukua mwenyewe na kulikabidhi upya jengo la tatu la uwanja huo, la safari za nje. Mwenye tiketi mbili alale Dar usiku mmoja.

Pawabenki ikae mkobani, isizidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha chaji yake). Mumbai iko mbele kwa saa 2 na nusu.