Uzoefu wangu na mashine ya kupima INR nyumbani, miezi minne baada ya kubadilishiwa valvu ya moyo

Namba ya mwanzo niliyoisoma kwa mashine hii ilikuwa 1.7. Ilikuwa baada ya sala ya alfajiri, nimekaa ukingoni mwa kitanda, kidole cha pete kimebanwa pamba, na binti yangu ameishika mashine kwa mikono miwili kama aliyeshika yai. "Mama, ndogo hii," akasema. Valvu yangu inataka namba hii ya INR, inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, iwe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka chini ya hapo, damu inaweza kuganda kwenye valvu na kipande kikaruka hadi kwenye ubongo. Tukampigia daktari, akaongeza dozi ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na baada ya siku nne tukapata 2.5. Siku hiyo nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nitoke hospitali.

Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, miaka 43, mama wa watoto wanne. Nilipasuliwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Maradhi yangu yalianza utotoni: mafindofindo yasiyotibiwa vizuri, ikafuata homa ya viungo, na homa ile ikaila valvu ya mitrali (mlango wa damu ulio upande wa kushoto wa moyo) kidogo kidogo kwa miaka mingi. Daktari alinieleza kuwa kuna valvu za aina mbili. Ile inayotokana na mnyama kwa kawaida haikufungi kwenye warfarini maisha yote, lakini huchakaa, na kwa umri wangu huenda ningerudi tena kwenye kisu. Ile ya chuma (wenyewe tunaiita hivyo, ijapokuwa vibati vyake vinavyofunguka na kufunga ni vya kaboni) hudumu, ila warfarini utaimeza hadi mwisho wa uhai wako. Kabla ya yote aliniuliza kama bado nataka kuzaa, maana warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Nikamwambia wanne wananitosha. Wasichana wenye ugonjwa huu, msingoje kuulizwa suala hilo. Liulizeni nyinyi, tena mapema, kabla valvu haijachaguliwa.

Tulirudi Pemba kwa ndege. Mume wangu alikataa boti katakata kwa sababu ya mkondo wa Nungwi, kwani mtu mwenye mfupa wa kifua uliofungwa kwa waya akianza kutapika baharini ataiona dunia chungu. Hospitali walinifundisha kukumbatia mto kila nikitaka kukohoa au kupiga chafya, na mto ule nilikuwa nao kwenye ndege, kwenye gari chini ya mkanda, na kitandani. Ni mto mdogo wa sufi alioushona mama mkwe. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha wiki sita za mwanzo, ningechagua mto ule kabla ya mashine yoyote.

Makatazo yalikuwa mengi na yote yaligusa kazi za mwanamke wa nyumbani. Sikutakiwa kuinua ndoo, kubeba mtoto, kufua kwa mikono wala kukanda unga. Kukuna nazi ndiyo kabisa. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayekaa juu ya mbuzi anakuna kwa kifua chake, hadi siku moja wiki ya tatu nilipojitia nguvu, nikashika kifuu, nikavuta mara mbili tu. Nilisikia kitu kinasogea katikati ya kifua, hakikuuma sana, kilisogea tu. Mama mkwe alininyang'anya nazi bila ya kusema neno, na tangu siku ile mbuzi akawa anamficha uvunguni mwa kitanda chake. Mfupa ule unahitaji miezi miwili hadi mitatu kushikana. Hata sala niliswali juu ya kiti.

Sasa nije kwenye mashine. Mwezi wa kwanza nilikuwa natolewa damu ya mshipa kwenye maabara, kama kila mtu. Wiki moja maabara niliyokuwa nikienda iliishiwa na dawa za kipimo, damu yangu ikapelekwa Unguja, na majibu yakaja baada ya siku tano. Yaani dozi ya leo nilipangiwa kwa damu ya wiki iliyopita, na warfarini haiendi hivyo. Mwezi wa mwanzo namba hupanda na kushuka, na siku tano ni nyingi mno. Shemeji yangu aliyeko Maskati alipopata habari hizi hakuuliza bei. Alinitumia mashine ya CoaguChek, pamoja na kopo la stripu 24 (vipande vyembamba vya kuwekea tone la damu) na visindano vya kutobolea.

Ni mashine ndogo, inaenea kiganjani. Unaiwasha, unachomeka stripu, unangoja ipate joto lake. Kisha unatoboa kidole, unaweka tone moja, na baada ya kama dakika moja namba inatokea. Maelezo ni mepesi, vitendo vilinichukua wiki mbili kuvizoea. Tone likiwa dogo, mashine inakataa na stripu hiyo imeshakufa, na stripu ni ghali. Ukichelewa zaidi ya sekunde 15 baada ya kutoboa, damu imeshaanza kuganda kwenye kidole na kipimo hakifai. Ukikamua kidole kwa nguvu unaharibu vilevile. Tulipoteza stripu nne kabla ya kujua. Njia yetu sasa ni hii: binti yangu ananiletea bakuli la maji ya vuguvugu, naloweka mkono, naukausha vizuri, nauning'iniza chini nikihesabu hadi thelathini, ndipo ananitoboa pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, kwa sababu katikati kunauma na kutwa nzima utakuwa unakigonga. Tone linakuja lenyewe, duara, jekundu iliyokoza. Ana miaka 14 na mkono wake hautetemeki. Wangu unatetemeka.

Kasoro kubwa kwa huku kwetu ni joto. Stripu zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 30, na Pemba mwezi wa pili chumba cha bati kinapita hapo kabla ya adhuhuri. Nimeziweka kwenye friji, mbali na barafu, na umeme ukikatika kwa muda mrefu nazihamishia kwenye deli. Kopo ulifunge papo hapo ukishatoa stripu, unyevu unaziua. Upimaji wenyewe naufanya asubuhi mapema kukiwa na ubaridi. Kasoro ya pili ni bei. Bila ya shemeji nisingeweza, na sioni haya kusema hivyo.

La tatu si kasoro, ila lazima ujue: namba ikiwa kubwa sana, mashine hii haiaminiki kama ilivyo kwenye namba za kawaida. Nesi jirani yetu alisisitiza kwamba siku ya mwanzo tupime kwa mashine na kwa damu ya mshipa siku hiyo hiyo, tulinganishe. Zilitofautiana kwa 0.2 tu, akaridhika. Na bado kila baada ya muda ananipeleka maabara kuhakikisha.

Nesi huyu ndiye aliyenianzishia daftari. Ni daftari la skuli la kurasa 96, lina safu za tarehe, namba ya INR, dozi, uzito wa asubuhi, na mboga. Uzito ni kwa sababu ya maji yanayojaa mwilini: ukiongezeka kilo mbili ndani ya wiki, au miguu ikivimba, moyo unalia. Mboga ni kwa sababu ya vitamini K, ambayo inapingana na warfarini. Hapa watu wengi hukosea. Mchicha, kisamvu na matembele havikukatazwa, bali unatakiwa kuvila kwa kiasi kile kile wiki zote. Mimi ni mara tatu kwa wiki, bakuli moja. Wiki ya harusi ya mtoto wa ndugu yangu nilikula kisamvu cha nazi siku nne mfululizo, namba ikashuka hadi 2.1, na daftari likatwambia sababu. Vidonge navimeza saa mbili usiku, na mume wangu ndiye anayeweka alama. Asipoiona alama haendi kulala.

Wiki ya tisa tulipata mtihani. Tumbo lilinisumbua, nikaenda duka moja la dawa, nikapewa metronidazoli, antibayotiki inayoizidishia warfarini nguvu. Nilisema natumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, labda sikusikika. Siku ya nne fizi zikatoa damu nikipiga mswaki, na nikaona baka la buluu mkononi nisilojua limetoka wapi. Tukapima: 5.8. Binti yangu aliitazama ile namba, akanitazama mimi, akakimbia kwa nesi bila viatu. Tulimpigia daktari akatutaka hospitali, damu ya mshipa ikathibitisha, dawa ya tumbo ikasitishwa na warfarini nikaambiwa nisimeze usiku ule na uliofuata, kisha nipime tena. Ikarudi 3.3. Usinakili dozi zangu, kila mtu ana mwili wake na daktari wake. Lakini jina la dawa unayomeza lijue kwa herufi zake, na kabla ya kumeza antibayotiki, diklofenaki, asprini au hata mizizi ya kienyeji, muulize anayekupangia warfarini. Sindano ya msuli vilevile, usikubali kuchomwa kabla hujasema. Mimi penisilini yangu ya kuzuia homa ya viungo isirudi nimebadilishiwa kuwa vidonge. Na ukitaka kung'oa jino, sema una valvu kabla hujakaa kwenye kiti.

Kuna kitu kimoja mashine haikuweza kunisaidia. Wiki ya tano nilianza kulia. Sikuwa na sababu, jua likianza kuzama tu machozi yanatoka. Na usiku nilikuwa naisikia valvu, tik, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyowekwa chini ya mto. Nilihofia itasimama. Nesi akaniletea mama mmoja wa Mtambwe aliyebadilishiwa valvu miaka sita nyuma. Alikuja na mkoba wa ndizi, akakaa karibu yangu, akawaambia watoto wanyamaze na feni izimwe. "Tega sikio, mdogo wangu," akaniambia. Nikainamisha kichwa kuelekea kifuani kwake. Ilikuwa inalia, tik, tik, haraka kidogo kuliko yangu. Akasema na yeye alilia wiki nyingi, na kwamba madaktari walimwambia ni jambo linalowapata wengi baada ya upasuaji wa moyo, na likizidi usinyamaze, useme. Nilikuwa nimeambiwa yote hayo hospitali. Sikuyaamini mpaka niliposikia kifua chake.

Yeye hana mashine. Sasa tunaitumia wawili, na wiki iliyopita ameongezeka kijana wa Kangagani. Nesi alikubali kwa sharti: kila mtu kisindano chake kipya kinachotupwa baada ya kutumika, glavu, na mashine ipanguswe kwa dawa baada ya kila mtu. Yeye mwenyewe anakuwepo. Stripu kila mmoja ananunua zake au tunachangiana.

Kama unakaa karibu na maabara inayotoa majibu siku hiyo hiyo, weka pesa yako, huihitaji. Kama hali yako ni kama yangu, na una mtu wa kukusomea namba na daktari anayepokea simu, inunue kabla ya friji mpya, kabla ya simu mpya. Kama huna watu hao, watafute kwanza, maana namba peke yake haikuambii umeze ngapi.

Tunapima Ijumaa asubuhi. Mama wa Mtambwe anafika na daladala ya kwanza, binti yangu anatia maji ya vuguvugu bakuli tatu. Ijumaa hii mimi nilipata 2.9, yeye 3.1, kijana 2.3 akaambiwa arudi Jumatatu. Kisha nikakuna nazi ya chai, nusu kifuu, mama mkwe amesimama mlangoni ananitazama.