Trela ya boti ya injini ya ndani: usinunue kwa futi

Muuza trela ana swali moja tu: "Boti yako futi ngapi?" Ukijibu ishirini, anakupeleka kwenye trela ya futi ishirini, na ikiwa imepigwa rangi juzi mnaanza kupatana bei. Mwenye injini ya kupachika nje, nyuma ya boti, anaweza kusalimika kwa hesabu hiyo. Mwenye boti kuukuu ya injini ya ndani ndiye anayebaki na malalamiko yaleyale kila kusi ikikaribia na boti zikianza kupandishwa nchi kavu: propela imepinda, usukani umegongwa, shafti inatetemesha boti nzima na haikuwa hivyo mwaka jana.

Injini ya kupachika unainyanyua, ukamaliza. Shafti hainyanyuliki. Chini ya boti ya injini ya ndani kuna shafti, mkono unaoishika, propela na usukani, na mara nyingi propela iko nusu mita au zaidi mbele ya tezi, yaani ncha ya nyuma ya boti. Kila chuma cha kukingama kilicho nyuma ya mahali propela itakapotulia, propela lazima ipite juu yake boti ikipanda, na ipite tena ikishuka. Trela nyingi zilizotengenezewa injini za kupachika zina chuma cha mwisho kilichonyooka, tena cha juu, na katikati yake kumefungwa rola. Hapo ndipo propela inapogonga.

Kwa hiyo pima kabla hujaenda kuona trela yoyote. Boti ikiwa juu ya magogo, nyoosha uzi kufuata mstari wa mkuku (uti wa chini ya boti) hadi tezi, zungusha propela mpaka bapa moja lielekee chini kabisa, kisha pima kutoka kwenye uzi hadi ncha ya bapa. Pima na ncha ya usukani. Chukua kubwa kati ya hizo mbili, ongeza sentimita 10 kwa baharini ambako mawimbi huinua na kushusha boti ikiwa nusu juu ya trela, au 7 kwenye maji matulivu. Kama ncha iko sentimita 28 chini ya mkuku, chuma cha nyuma kinatakiwa kiwe angalau sentimita 38 chini ya pale mkuku utakapokaa. Muuzaji akikwambia "itapita tu", mpe futi kamba apime mwenyewe.

Jambo la pili ni umbo la boti. Boti ya zamani yenye mkuku mrefu, ambayo propela yake imekaa nyuma ya mkuku huo, ina haki ya kubebwa kwa mkuku: uzito ukae kwenye rola au ubao mnene wa katikati, na mbao za pembeni ziizuie isilale upande. Boti ya mwendo kasi yenye shafti iliyo wazi ni kinyume chake. Hiyo hubebwa na mbao mbili ndefu za kulalia, zikiwa chini ya mataruma marefu yaliyoshika injini, na zifike hadi tezi. Mbao zikiishia sentimita 30 kabla ya tezi, sakafu ya boti huinama polepole, shafti inapoteza mstari wake na injini, na fundi atabadilisha mpira wa shafti mara tatu bila kujua ugonjwa uko kwenye trela.

Chaguo langu la kwanza: trela ya Marekani ya mbao za kulalia, ekseli mbili, iliyochovywa zinki

Upendeleo wangu ni EZ Loader ya Spokane, na siuombei radhi. Trela zake za kurekebishika zina vyuma vilivyofungwa kwa boliti badala ya kuchomelewa, kwa hiyo mbao na ekseli unaweza kuzisogeza mpaka boti ikae sawa. Tafuta yenye vyuma vya kukingama vilivyoshuka katikati kama herufi V.

Kusogeza ekseli si anasa. Injini ikiwa katikati ya boti uzito uko mbele. Ikiwa imegeuzwa na kuwekwa nyuma, uzito uko tezi. Unachotaka ni asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote ishuke kwenye shingo ya trela, pale inaposhikana na gari. Ikipungua, trela inaanza kuyumba barabarani na kuvuta mkia wa gari. Kwa mzigo wa kilo 2,000 hiyo ni kilo 140 hadi 200, na mizani ya kujipimia nyumbani haibebi hivyo. Chukua ubao imara, uweke juu ya vipande viwili vya bomba vilivyoachana sentimita 90, kimoja sakafuni na kingine juu ya mizani, shingo ya trela ikalie sentimita 30 kutoka bomba la sakafuni. Namba utakayoisoma, zidisha kwa tatu.

Kasoro za trela ya Marekani ni mbili. Kichwa chake mara nyingi ni cha tufe la inchi 2, yaani milimita 50.8, na magari mengi huku yana tufe la milimita 50. Linaingia, linafunga, lakini linacheza, na barabara mbovu huongeza mchezo huo. Badilisha tufe. Ya pili ni taa: trela nyingi za huko hutumia balbu moja kwa breki na indiketa, na gari lenye waya tofauti halitaelewana nayo bila kifaa cha kugeuza au taa mpya.

La pili: ya fundi wa hapa, ukimsimamia

Wengi wataiweka mwisho. Mimi naiweka juu ya mtumba wa Uingereza, kwa sharti kwamba wewe ndiye unayeleta vipimo. Taka chaneli wazi ya milimita 100 kwa 50, usikubali bomba la mraba, kwa sababu bomba huoza kwa ndani na nje linabaki zuri. Vipande vifungwe kwa boliti ili viingie kwenye beseni la zinki. Kama kuna bomba lolote, fundi alitoboe matundu kabla halijapelekwa: hewa na unyevu uliofungiwa ndani hulipuka ndani ya zinki ya moto. Kuchomelea kote kuishe kabla ya kuchovya. Ukiona fundi anaongeza kibanio kwa welding baada ya zinki, kutu itaanzia hapo.

Springi za mabamba zinatosha, maana kila mji una anayezitengeneza. Ekseli za mpira wa ndani zinapendeza zikiwa mpya, lakini mpira ukifa unatupa ekseli nzima. Matairi ya Hiace, 195R15C yenye namba ya mzigo 106, hubeba kilo 950 kila moja na hupatikana hata vijijini.

La tatu: mtumba wa Uingereza

Zinki yake kwa kawaida ni nzuri. Tatizo ni rola nyingi za kubembea, ambazo itabidi uzing'oe, na habu zenye beringi zilizozibwa kiwandani, zisizofunguliwa. Nyingi za kampuni ya AL-KO hukazwa kwa nati ya kutumika mara moja tu, kwa nguvu ya Nm 290, na beringi hutolewa kwa presi. Kwa trela inayozama baharini, habu za beringi mbili za koni, kama L44649 na kikombe chake L44610, unaweza kuzifungua na kuzijaza grisi mwenyewe chini ya mwembe.

La nne: trela ya shamba iliyobandikwa mbao. Haina breki, na huko Ulaya kwenyewe trela isiyo na breki haipiti kilo 750 ikiwa na mzigo wake. Boti yako imeshazidi hapo.

Kuhusu uzito, usiamini kitabu cha boti. Boti ya miaka ya 1980 ina mbao na povu vilivyokunywa maji. Lita 200 za dizeli ni kilo 168 nyingine, na kila lita ya maji iliyobaki chini ya injini ni kilo moja. Ipime kwenye mizani ya kiwanda au ya wanunuzi wa chuma chakavu, na kumbuka kutoa uzito wa trela yenyewe katika namba ya uzito wote unaoruhusiwa iliyoandikwa kwenye kibati chake. Breki za diski za chuma cha pua ni ghali, ila zile za dramu hushikana kwa chumvi usipoziosha kwa maji yasiyo na chumvi kila safari. Habu zikiwa na moto usizizamishe: hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji ya bahari kupitia sili. Subiri dakika 20.

Na wauzaji wetu, jamani. Tairi linaitwa jipya kwa sababu lina vinyweleo, wakati ubavuni limeandikwa 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Tairi la akiba linauzwa kando, winchi kando, cheni za usalama kando, na bei ya kwanza ilitajwa kana kwamba vyote vimo. Andikeni orodha kwenye risiti kabla ya kutoa pesa: habu moja ya akiba iliyojaa grisi, tairi la akiba lenye umri usiozidi miaka mitano, mikanda miwili ya racheti ya kufungia tezi. Asiyekubali kuandika, mwacheni na trela yake.