Uzoefu wangu: That Thing You Do!, muvi ya bendi ya kibao kimoja

Kama unapenda muziki na hujawahi kuiona hii muvi basi itafute wikendi hii hii, mi sizunguki. That Thing You Do! ni ya mwaka 1996, Tom Hanks kaiandika mwenyewe na kaiongoza mwenyewe, ndo filamu yake ya kwanza ya sinema kuongoza, na kumbuka jamaa alikuwa katoka kubeba Oscar mbili mfululizo za Philadelphia na Forrest Gump kwahiyo angeweza kufanya chochote anachotaka, akaamua kuleta stori ya vijana wanne wa mji wa Erie, Pennsylvania, mwaka 1964, wanatoa wimbo mmoja, wanapaa Marekani nzima ndani ya miezi michache tu, halafu bendi inakufa. Basi. Hakuna anayeuawa, hakuna teja, hakuna jela. Na bado nilikaa mpaka majina ya mwisho yanapita sitaki kunyanyuka. (Nasimulia mpaka mwisho hapa, kama hupendi kuambiwa muvi kabla hujaiona nenda kaiangalie kwanza ndo urudi.)

Kitu cha kwanza kilichonishika ni kwamba stori imebebwa na mpiga drums. Muvi nyingi za bendi zinamfuata muimbaji, huku tunamfuata Guy Patterson (Tom Everett Scott), kijana anayeuza friji na redio kwenye duka la baba yake, usiku duka likishafungwa anashuka kwenye drums zake anapiga kwa kufuatisha rekodi za jazz za mpiga piano anayemhusudu, Del Paxton. Bendi ya mtaani kwao ilikuwa na mpiga drums mwingine, huyo akavunjika mkono kwa ujinga wa kuruka mita za kulipia maegesho, wakaja kumuomba Guy awasaidie kwa usiku mmoja kwenye mashindano ya vipaji chuoni. Sasa ule wimbo alioutunga Jimmy, muimbaji wa bendi, ni wa taratibu, wa mapenzi, wa kubembeleza. Guy anahesabu anaingia na mwendo wa juu kabisa. Jimmy anageuka nyuma anamwambia punguza, Guy hapunguzi, na hapo ndo angalia vizuri maana kamera inawaonyesha watu ukumbini, waliokuwa wamekaa wanaanza kusogea mbele, wengine washaanza kucheza, na Jimmy mwenyewe hana namna inabidi auimbe wimbo wake kwa spidi ya mtu mwingine. Mtu yeyote aliyewahi kupiga kwaya au bendi ya shule anajua hiyo hali, mdundo ukishakubali huwezi tena kuurudisha nyuma. Na ugomvi wote wa baadaye mbegu yake iko pale pale, Jimmy alipata umaarufu kwa wimbo ambao haukuwa tena kama alivyoutunga.

Halafu kuna sehemu ya redio. Wamerekodi kanisani kwa mjomba wake Guy ambaye kazi yake ni kurekodi mambo ya kanisa, wameuza santuri kidogo kidogo pale mjini, meneja wao wa kwanza kawaahidi redio. Faye (Liv Tyler), mpenzi wa Jimmy, yuko mtaani kaweka kiredio kidogo sikioni, ghafla anapiga kelele, anaanza kukimbia, mpiga besi anaunga naye, wanakimbia mpaka dukani kwa kina Guy na wakifika hawana hata maneno, ni kelele tu, mtu anawasha redio moja, mwingine nyingine, duka zima linaimba wimbo wao na wao wanarukaruka katikati ya mafriji na mashine za kufulia. Nimeona muvi nyingi zinazoonyesha mafanikio, mara pesa, mara magari, mara mashabiki wanazimia, lakini hiyo ya kusikia sauti yako redioni kwa mara ya kwanza sijaona walioipatia kama hawa. Nilitokwa na machozi kwakweli, ya furaha.

Na wimbo wenyewe jamani. Umetungwa na Adam Schlesinger wa bendi ya rock ya Marekani, Fountains of Wayne, sauti unayoisikia ya Jimmy ni ya Mike Viola, na ulitajwa kuwania Oscar ya wimbo bora ukazidiwa na ule wa muvi ya Evita. Kazi aliyopewa ilikuwa ngumu: tunga wimbo mpya usikike kama ulitoka 1964, Beatles wakiwa ndo wametua Marekani na kila kijana mwenye gitaa anataka kuwa wao, halafu uwe mzuri kiasi kwamba watu waamini nchi nzima iliuimba, halafu usichoshe maana unarudiwa muvi nzima. Haukuchosha. Kila unapopigwa hali ni tofauti: mara ukumbi wa chuo, mara mgahawa wa Kiitaliano wanapolipwa hela yao ya kwanza, mara Pittsburgh kwenye shoo kubwa mambo yanawaharibikia jukwaani mpaka unawaonea aibu, mara kwenye maonesho ya majimbo wasichana wanalia, mara kwenye tivii. Wimbo ule ule lakini wao wanabadilika. Schlesinger alifariki Aprili 2020 kwa corona, ana miaka 52, na mwezi ule ule waigizaji wa muvi wakakutana mtandaoni kuiangalia pamoja kwa ajili yake. Tangu nijue hilo, ile sehemu ya redio inaniuma kidogo pamoja na raha yake.

Tom Hanks mwenyewe anacheza Mr. White, bosi kutoka lebo ya Play-Tone. Ndo anayewanyoosha, suti za kufanana, miwani ya jua kwa Guy, tahajia ya jina la bendi inabadilishwa iwe The Wonders maana ile ya mwanzo kila MC alikuwa anaikosea. Simchukii wala simpendi, na nadhani hivyo ndo ilivyokusudiwa. Ni mtu wa kazi. Anawaangalia watoto wale kwa jicho la mtu aliyeshaona bendi nyingi zikija na kupotea, na bendi ikishakufa anamwambia Guy bila hasira kwamba jambo hili ni la kawaida. Inauma kwa sababu ni kweli, na sisi huku tuliokulia kwenye zilipendwa tunalijua vizuri, bendi zetu zilipasuka sana, mwingine anaondoka na wenzake wanaanzisha yao, Les Wanyika si walitoka kwa Simba Wanyika mwaka 1978 wakatupa Sina Makosa. Tofauti ni kwamba hawa wa kwenye muvi baada ya kupasuka hakuna tena bendi.

Kupasuka kwenyewe kunaonyeshwa vizuri sana kwa sababu hakuna fumanizi wala ngumi kubwa. Mpiga besi anaondoka na wanajeshi anaokwenda kujiunga nao, kwahiyo siku ya shoo kubwa ya tivii pale Hollywood anapiga mtu wa kuazima. Lenny, mpiga gitaa wao (Steve Zahn, anachekesha balaa), anakimbilia Las Vegas kuoa. Na Jimmy, kwenye ile shoo, wakati anaimba kwenye skrini yanatokea maandishi ya kuwaambia wasichana wawe makini kwani ana mchumba, jamaa akishuka jukwaani anamgeuzia kibao Faye mbele za watu kama vile yeye ndo kaandika. Faye anamjibu kwamba anajutia mabusu yote aliyompa, maelfu kwa maelfu, anaondoka. Liv Tyler kaisema kwa utulivu mpaka nikasimama.

Lakini ntamtetea Jimmy kwenye jambo moja na najua wengi hawamtetei. Alipokuwa anauliza tunaingia lini studio kurekodi nyimbo zangu, alikuwa sahihi kabisa! Alikuwa mtunzi. Mkataba ulisema wapige nyimbo za lebo na yeye akaona bora aache kuliko kuimba asichokiamini. Muvi inamfanya aonekane kisirani muda wote, ila yale maandishi ya mwisho yanayoeleza kila mmoja aliishia wapi yanaonyesha alirudi Play-Tone na bendi nyingine akapata albamu za dhahabu. Kwahiyo kipaji kilikuwepo. Mambo ya Faye hapo simtetei hata kidogo. Na kwenye maandishi hayo hayo unaambiwa mpiga besi alipata nishani ya majeruhi wa vita pale Khe Sanh, Vietnam, mstari mmoja tu, na mtu mwenyewe muvi nzima hajapewa hata jina, amewekwa kama T.B. Player (yaani "the bass player", mpiga besi tu), nikakumbuka kwamba ile 1964 ya rangi rangi na nyimbo tamu ilikuwa inaelekea wapi.

Sehemu niipendayo kuliko zote baada ya redio ni Guy na Del Paxton. Bill Cobbs ndo kaicheza, alifariki 2024. Anakutana na Guy klabu ya jazz, mzee mtulivu, anamwambia bendi zinakuja na kuondoka, wewe endelea kupiga, haijalishi na nani. Bendi ikishakufa Guy kabaki peke yake studio, Del anaingia, anakaa kwenye piano, wanapiga pamoja, na hapo unamuona kijana yule yule wa dukani anafuatisha jazz, ila leo mwenye rekodi yupo mbele yake.

Kwa anayetaka kuiangalia: kuna toleo la sinema la saa moja na dakika 48 na kuna refu linalokaribia saa mbili na nusu. Anza na fupi. Refu lina mambo mazuri, ila linachelewa kufika kwenye muziki na mwendo ndo uhai wa hii muvi. Weka spika nzuri, simu haitoshi, drums zinapotea. Unaweza kukaa na watoto na wazazi sebuleni bila kushika rimoti. Kiingereza chao ni chepesi, washa maandishi ya chini tu kwa ajili ya Lenny maana anaongea haraka.

Naipa 9 kwa 10. Moja nimeikata kwa sababu ya Faye na Lamarr, yule mhudumu wa hotelini. Faye ndo aliyewabeba wale vijana tangu siku ya kwanza, anawapigia makofi, anawatunza mpaka akaugua njiani, halafu hatujui yeye anapenda nini zaidi ya mwanaume gani atakuwa naye. Na Lamarr, mtu mweusi anayeijua Los Angeles yote ile, kazi yake ni kumuonyesha Guy njia tu halafu anabaki pale pale mlangoni. Obba Babatundé kaicheza vizuri mno kuachwa hivyo.