Uzoefu wangu na chakula cha mbwa cha kupima kilo: "Kwani anavaa pampasi?"

Kuna sentensi moja niliambiwa dukani ambayo hadi leo ikinijia nikiwa naosha vyombo, naviacha vyombo. "Sasa dada, mbwa akiharisha si anaharisha tu? Kwani anavaa pampasi?" Aliyeisema ni kijana muuzaji wa duka moja la dawa na vyakula vya mifugo huku kwetu upande wa Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam. Waliokuwepo wote wakacheka. Mimi nimesimama pale, mkono mmoja nimeshika mfuko wa chakula, mwingine risiti, usiku kucha sijafumba jicho, kanga yangu inanuka kinyesi cha mbwa. Duka silitaji. Lakini wenye mbwa na paka nataka mjue yaliyonikuta, kwa sababu yangezuilika kwa maneno matatu, na yule kijana alikuwa na nafasi mbili za kuyatamka.

Bosko, mbwa wangu, masika hii alikuwa amefikisha miezi mitano hivi. Alikuja kwangu akiwa amezoea kile wanachokula mbwa wengi wa mitaani kwetu: ugali wa dona uliochanganywa na dagaa wa Mwanza, siku nyingine supu ya vichwa na miguu ya kuku. Alikuwa hana shida yoyote ya tumbo. Tatizo ni mimi, niliona mbavu zinahesabika na manyoya hayana uhai, nikasema huyu nimpe chakula cha kweli cha mbwa, kile kikavu cha punje. Nikajipanga, nikatenga pesa.

Dukani kiroba kilikuwa wazi mdomo, kopo limechomekwa ndani, wateja wanapimiwa kilo moja, kilo mbili. Nikachukua kilo tano. Nikamuuliza yule kijana kwa heshima zote, "Kaka, huyu hajawahi kula hiki, nampaje?" Hakuinua hata kichwa kwenye simu. "Mjazie bakuli, atakula mwenyewe." Nikamuuliza na habari ya paka wangu. "Hiki hiki mpe na paka, tumbo ni tumbo." Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kwanza.

Bosko alilifuta bakuli lote jioni ile, nami nikafurahi kama mama aliyeona mtoto anakula. Asubuhi akala tena. Kufikia usiku wa pili alikuwa anatoka kila nusu saa. Kwanza kinyesi kilaini, kisha maji, kisha ute, na karibu na alfajiri michirizi ya damu. Nilikaa naye kwenye kibaraza na ndoo na tochi. Mtoto wa mbwa akiharisha hivyo halii sana, anakuja tu kukuegemea mguuni na kukutazama. Ndiyo maana siwezi kuisamehe ile habari ya pampasi.

Kulipokucha nilikwenda dukani kwanza. Nilidhani wao ndio wanaojua, si ndio waliouza? Nikaeleza, nikaonyesha risiti, nikaomba wakiangalie kile chakula. Hapo ndipo nikapewa jibu lile mbele za watu. Vicheko vilipotulia akaongeza, kama anayenifanyia hisani, "Mpe Flagyl nusu, kitakata." Hakuuliza mbwa ana umri gani. Hakuuliza uzito wala kama amechanjwa. Nilitoka bila kusema neno kwa sababu ningesema ningelia.

Kutoka pale nilipanda bajaji moja kwa moja hadi kwa daktari wa mifugo, kijana mwingine kabisa, amesomea Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro. Nawalinganisha hawa wawili kila siku. Huyu alipiga magoti sakafuni. Akamvuta Bosko ngozi ya kisogoni kuona inarudi upesi au inasimama, akambonyeza fizi, akampima joto, akauliza chanjo ziko wapi. Akampima parvo, ile homa ya utumbo inayoua watoto wa mbwa kwa siku chache, ikawa hakuna. Akaweka kinyesi kwenye darubini, mayai ya minyoo hakuna. Akamwekea maji chini ya ngozi. Kisha ndipo akaniuliza, "Dada yangu, alikuwa anakula nini, na mmebadilisha lini?" Nikamwambia juzi jioni. "Mara moja?" Mara moja.

Akanieleza kwa lugha ninayoielewa. Ndani ya utumbo wa mbwa kuna jamii ya bakteria waliozoea kazi fulani, na wa Bosko walikuwa wamezoea ugali na dagaa. Ukimwaga humo ghafla chakula chenye mafuta na protini ya namna nyingine, sehemu kubwa haisagiki, inateremka hadi utumbo mpana, inachacha na kuvuta maji, na ukuta wa utumbo unawaka. Ndiyo ule ute na ile damu. Dawa yake ni kubadilisha kwa siku saba hadi kumi: robo ya kipya na robo tatu ya cha zamani, baada ya siku chache nusu kwa nusu, kisha robo tatu, ndipo umalizie. "Changanya kidogo kidogo," akasema. Maneno matatu! Nilikuwa nimeyalipia kwa usiku mzima wa damu, na yangeweza kunifikia bure pale kaunta wakati napimiwa.

Halafu akaingiza mkono kwenye ule mfuko wangu wa chakula, akatoa punje chache, akazinusa, akaninusisha. Harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi. Punje hizi hupakwa mafuta kwa nje, akasema, na kiroba kikishafunguliwa mafuta yale yanaanza kuharibika kwa hewa na joto, na joto letu la Dar unalijua, na unyevu wa masika juu yake. Mfuko ukishafunguliwa ni wa kumaliza ndani ya wiki kama sita, ufungwe vizuri, ukae pakavu. Kile cha kupimwa kwa kopo, nani anajua kiroba chake kilifunguliwa lini? Tarehe iko kwenye kiroba ambacho mteja hakioni. Nikamuuliza sasa kilichomuumiza Bosko ni kipi, haraka yangu au mafuta yao mabovu. Akasema kwa uaminifu kwamba hawezi kunitenganishia, kila kimoja chaweza kuharisha peke yake.

Kwa hiyo nikiandika "chakula kibaya, msinunue" nitakuwa nimedanganya. Nilikuwa nimepanga kuandika hivyo. Nitarudi hapo.

Tiba yenyewe ilitoka jikoni kwangu zaidi kuliko kwenye chupa. Kidari cha kuku bila ngozi, kimechemshwa bila chumvi, bila kitunguu, pamoja na wali mweupe uliopondeka, kuku sehemu moja na wali sehemu mbili, mara nne au tano kwa siku, kiasi cha ngumi ya mtoto kila mara. Kijiko cha boga lililochemshwa tupu. Si boga la nazi, mafuta ya nazi ni mazito kwa tumbo lililochubuka. Boga lina nyuzinyuzi ambazo hunywa maji ya ziada utumboni, na ajabu yake, linamsaidia pia aliyefunga choo. Siku ya tatu Bosko alitoa kinyesi kilichoshikana, na nakwambia niliita jirani aje aone.

Nikagundua pia mambo ambayo nimekuwa nikiyafanya kwa upendo kumbe naumiza. Mchuzi uliobaki: vitunguu na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, hata vikiwa vimepikwa. Mifupa ya kuku iliyoiva: inapasuka vipande vyenye ncha. Maziwa: wengi wakishaacha kunyonya hawana tena uwezo wa kusaga sukari yake, ndiyo maana yanawaendesha. Dona lenyewe halina ubaya, ubaya ni yale mahindi yaliyoota ukungu yanayouzwa bei ya kutupa kwa jina la "unga wa mbwa". Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu huo, haifi kwa kupika, na ini la mbwa haliivumilii. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, sasa mbwa wa kilo nane atafanyaje? Nilipokumbuka kwamba duka lile lile nalo lina gunia la unga wa mbwa pembeni ya mlango, damu ikanipanda upya.

Na paka! "Tumbo ni tumbo." Nilimweleza daktari maneno haya akatikisa kichwa. Paka ni mla nyama wa kuzaliwa. Anahitaji taurini, kitu kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na mwili wake hautengenezi ya kutosha. Tangu 1987 inajulikana kuwa ikikosekana moyo wa paka unalegea na kutanuka, na macho nayo yanaharibika. Chakula cha mbwa hakikuwekewa kiwango chake. Paka akionja punje mbili za mbwa hafi, lakini kumlisha hicho miezi na miezi ni kumuua polepole huku bakuli limejaa. Pusi wangu sasa anakula chakula cha paka, na dagaa wachache wasio na chumvi, waliolowekwa na kuchemshwa, kama kitoweo tu. Maji nimemwekea bakuli mbali na chakula, naona anakunywa zaidi, na choo chake kimelainika. Nawaomba pia msimpe paka Panadol kwa sababu yoyote ile. Paracetamol inamuua.

Sasa narudi kwenye chakula. Baada ya wiki mbili za kuku na wali na kurudi kwenye mazoea, daktari aliniambia nijaribu tena. Nikanunua aina ile ile, kampuni ile ile, ila mfuko uliofungwa kiwandani, tarehe naisoma mwenyewe, duka jingine. Nikachanganya robo kwa siku tatu, na kuendelea hivyo hadi siku ya kumi. Bosko hakuharisha hata mara moja. Leo manyoya yanang'aa, mbavu zimefunikwa, kinyesi nakiokota kwa karatasi bila kuacha alama. Kwa chakula, natoa nyota nne, na moja ninayobana ni ya bei. Ni kizuri. Inaniuma kusema hivyo kwa sababu nilitaka kiwe kibaya.

Kwa duka nilikuwa nimeshaandika sifuri. Lakini juzi juzi nilipita nikamkuta mwenye duka, mama mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote, hadi neno la pampasi. Hakunibishia. Akasema, "Pole mwanangu, haikuwa haki," akafungua droo akanirudishia pesa ya kilo tano zote, ingawa sikuomba. Nikalainika. Nikasema moyoni labda nimpe nyota mbili, mama huyu ana utu.

Basi wakati nahesabu zile pesa, akaingia baba mmoja na boksi la kadibodi, ndani mna kijibwa kinalia. Akaomba kilo mbili. Kijana yule yule akachota kwa kopo lile lile, kwenye kiroba kilicho wazi, akafunga, akapokea pesa, jicho kwenye simu. Yule baba akauliza, "Nampaje?"

"Mjazie tu."

Mama alikuwa ameinamia droo yake. Nikamshika yule baba mkono, nikamwambia, kaka yangu, changanya kidogo kidogo, siku kumi, na kabla hujafika nyumbani hebu kinuse hicho chakula. Akafungua mfuko akanusa. Akaurudisha kaunta.

Nyota mbili nimezifuta. Ni sifuri.